Kinasa Kibovu Kisitupwe Upesi

Wenzangu, kwetu Mwello chombo kikigoma twasema kimekufa. Mimi sikubali. Chukueni kompyuta ya kale, Commodore 64 ya mwaka 1982, iliyoweka programu zake katika kanda za kaseti. Kinasa kikishindwa kuzisoma, kwanza jaribu kanda nyingine. Kisha pangusa kichwa kwa pamba yenye spiriti, maana unga wa kanda hugandamana pale. Halafu tazama mpira unaozungusha magurudumu. Ukilegea, kanda haiendi sawasawa. Skrubu ya kichwa iguswe mwisho kabisa, kwani ikikosewa hata kanda njema hazisomeki. Ukikitupa kinasa, kazi za watu zilizomo kandani hazina tena wa kuzisoma. Basi tuchunguze kwanza. Kutupa hakuhitaji elimu.