Tuifunge Kesi ya Nani Kamwiga Nani

Makala nyingi za toleo hili zinarudia kesi ileile: kwamba Friends, iliyoanza NBC Septemba 1994, iliiga Living Single, iliyokuwa hewani Fox tangu Agosti 1993. Kesi ilifufuka mwaka 2020, David Schwimmer, aliyeigiza Ross katika Friends, aliposema labda ingefaa iwepo Friends ya Weusi watupu, na Erika Alexander, Max wa Living Single, akamkumbusha hadharani nani alitangulia. Alimjibu sawasawa. Ila tangu hapo wahakiki wetu wamegeuka makarani wa mahakama: tarehe, idadi ya wapangaji, na kwamba zote mbili zilitoka Warner Bros. Hukumu inasomwa, Living Single yenyewe haisomwi.

Mimi nataka tuisome kwa kanuni za utani. Max Shaw, wakili anayeingia bila hodi na kula vya wenzake, na Kyle Barker, dalali wa hisa wa ghorofa ya juu, hawakutani bila kurushiana maneno. Tumezoea kusema matusi yale yanaficha mapenzi. Aliyekulia penye watani anajua kwamba tusi la mtani halifichi kitu. Ni ruhusa ya kusema yote, nayo ina masharti: kununa hakuruhusiwi, na siku ya msiba wewe ndiye wa kwanza kufika. Ndiyo maana Yvette Lee Bowser na waandishi wake waliweza kuwaamsha wawili hao kitanda kimoja mwishoni mwa msimu wa kwanza tu, na kichekesho kisipoe. Ross na Rachel wa Friends wasingeweza. Hadithi yao inaishi kwa kunyamaza: Rachel anaambiwa na mtu mwingine kwamba anapendwa, anakimbilia uwanja wa ndege kumpokea Ross, na Ross anashuka na msichana mwingine. Wangesemana mapema kama Max na Kyle, misimu 10 ingetoka wapi?

Mwandishi wa makala ya tatu anapinga: utani, anasema, ni wa makabila na mabinamu, si wa wapenzi. Anasahau kwamba katika jamii zetu nyingi binamu ndiye mtani, na huyohuyo ndiye anayeoleka.

Makala kuhusu fleti ya Monica wa Friends, aliyoirithi kwa bibi yake pamoja na kodi ya zamani, ni fupi na imekamilika. Ile ya mavazi ya Regine wa Living Single itazamwe zaidi kuliko kusomwa. Uchambuzi wa Khadijah, mhariri wa jarida la Flavor asiyeisha kuhangaikia fedha, nimeupa kurasa nyingi kuliko unavyostahili, na wahariri wenzangu wataelewa.

Kwa toleo lijalo sitapokea makala inayofunguliwa kwa 1993 na 1994. Nileteeni Overton na Synclaire wa Living Single: walifunga ndoa mwishoni mwa msimu wa nne, na humu jaridani bado hawajapata mhakiki.