Tatuu ikivuja wino, aulizwe mchoraji

Tatuu mpya inapoanza kutoa kivuli cha bluu pembeni mwa mistari yake, lawama za kwanza humwangukia aliyechorwa. Ataambiwa ngozi yake haishiki wino, au aliulalia mkono, au hakufuata masharti ya kuitunza. Lawama hizo zinaelekezwa kusiko. Wino uliovujia chini ya ngozi ni kosa la kazi, hutokea wakati sindano ingali mwilini, na mara nyingi chanzo chake ni mkono wa aliyeshika mashine. Tukilikubali hilo, itabidi tubadili namna vijana wetu wanavyomchagua mchoraji, maelezo wanayostahili kupewa kabla sindano haijagusa mwili, na suala la nani abebe gharama mchoro unapoharibika.

Ushahidi umo katika ngozi yenyewe. Tabaka la juu, hili tunaloliona na kuligusa, sehemu nyingi za mwili lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, nalo hujichubua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache. Wino ukiishia humo hautadumu. Chini yake lipo tabaka la kati, lililosukwa kwa nyuzi imara, na hapo ndipo tatuu inapotakiwa kukaa, kwenye kina cha milimita moja hadi mbili kutegemea sehemu ya mwili. Chini zaidi ni mafuta, na huko wino haukuti kizuizi cha maana. Sindano ikizama hadi kwenye mafuta, au ikiingia imelala mno, wino hutambaa pembeni na mstari uliokusudiwa kuwa mwembamba hufunikwa na ukungu. Ukungu huo huwa wa bluu hata wino ukiwa mweusi, kwa sababu ya jinsi mwanga unavyotawanyika unapopita kwenye ngozi kufikia kina hicho. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kuchunguza panya kwamba chembe za wino humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, na seli hizo zikifa, wino huachiwa kisha kumezwa na seli nyingine palepale. Kwa maneno mengine, mwili huushikilia wino pale ulipoukuta. Mistari ya tatuu hulainika kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, hilo ni la kawaida na halina wa kulaumiwa. Lakini kivuli kinachojitokeza saa chache au siku chache baada ya kuchorwa hakikuletwa na mafuta aliyojipaka mteja nyumbani.

Mashine nayo haiwezi kusingiziwa. Thomas Edison alipata hataza ya kalamu yake ya umeme mwaka 1876, chombo cha kutoboa karatasi ili kunakili nyaraka, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akasajili mashine ya kuchorea tatuu iliyotokana na wazo hilohilo. Mashine za leo ni nyepesi na tulivu zaidi, tena yeyote anaweza kujinunulia mtandaoni. Kazi yao, hata hivyo, haijabadilika: hupandisha na kushusha sindano kwa kasi. Ngozi ivutwe kiasi gani, sindano iingie kwa pembe gani, mkono utembee kwa kasi gani, mstari urudiwe mara ngapi, yote hayo huamuliwa na mchoraji. Ngozi isiyovutwa sawasawa hubonyea na kumdanganya kuhusu kina. Mkono unaokawia mahali pamoja humwaga wino kupita kiasi, na mstari uliorudiwa mara tatu juu ya ngozi iliyokwisha kuchoka huifanya sindano ipenye bila upinzani. Mteja aliyelala kifudifudi hana njia ya kuyaona hayo, na ndiyo maana si haki kumtwisha matokeo yake.

Wachoraji wana hoja ya kujitetea, nayo inastahili kusikilizwa. Ngozi za watu hazifanani, na zipo sehemu za mwili ambazo ni hatari hata kwa mkono uliozoea: upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kifundo cha mguu, juu ya unyayo, mbavuni, nyuma ya sikio, upande wa ndani wa mkono karibu na kwapa. Ngozi ya mzee ni nyembamba kuliko ya kijana. Tena wapo wateja wasiotulia, wanaoshtuka kila wanapoguswa. Yote ni kweli, lakini yote yanajulikana kabla ya kazi kuanza. Fundi cherehani hamlaumu mteja kwa sababu ameleta hariri; huchagua sindano ya hariri, au humwambia kwamba mshono anaoutaka hautakaa kwenye kitambaa hicho. Mchoraji anayeombwa aandike jina kwa herufi ndogo zilizobanana mbavuni ana wajibu wa kushauri herufi kubwa zaidi, au mahali pengine, au kukataa. Mteja akishtuka, huinua mkono na kusubiri. Ugumu wa ngozi unaeleza kwa nini kazi hii inahitaji ufundi. Haumwondolei fundi dhamana.

Nawasihi pia waliochorwa wasiharakishe kuhukumu. Siku za mwanzo ngozi huvimba na kuvilia damu, na uvilio huo unaweza kufanana kabisa na wino uliovuja. Tofauti huletwa na muda. Damu iliyovilia hubadilika rangi, ikaelekea kijani na manjano, kisha ikapotea ndani ya wiki mbili hivi, lakini wino uliovuja hubaki ulivyo. Kwa hiyo hakuna marekebisho ya kufanya kabla kidonda hakijapona kabisa, jambo linaloweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Kinachohitaji haraka ni dalili za maambukizi: wekundu unaozidi kutanuka, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa. Hizo ni za kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hatari kubwa huanza pale mtu anapoamua kujitibu. Wapo wanaosugua kwa chumvi na ndimu, na wapo wanaokimbilia mkorogo wakitumaini utaififisha bluu ile. Mkorogo hushambulia rangi ya asili iliyo kwenye tabaka la juu, ilhali wino umekaa chini yake, kwa hiyo atakachopata ni doa jeupe lililozunguka mchoro uleule ulioharibika. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya kwa sababu za kiafya, na vinapopakwa juu ya ngozi iliyotoka kujeruhiwa madhara huzidi. Hata baadhi ya wachoraji hutoa suluhisho baya: kuchora juu ya kivuli kwa wino wa rangi ya ngozi. Rangi hiyo haiendi sambamba na ngozi inapopigwa jua, na ikitokea siku moja mtu akataka kufuta kwa leza, wino mweupe au wa rangi ya ngozi unaweza kugeuka mweusi ghafla. Marekebisho ya busara ni mawili. La kwanza ni kunenepesha mstari au kuongeza kivuli cha makusudi ili ukungu uwe sehemu ya mchoro, na kama haitoshi, kuufunika kwa mchoro mkubwa zaidi. La pili ni leza yenyewe, na hapa msomaji mwenye ngozi nyeusi anastahili kuambiwa wazi jambo ambalo matangazo hayalisemi. Mwanga wa leza hauulengi wino peke yake. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi yetu, nayo huunyonya. Mashine isiyofaa, au isiyorekebishwa vizuri, inaweza kuacha mabaka meupe au meusi kudumu. Leza ya aina ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, na hata hiyo hutaka vikao kadhaa vinavyopishana kwa wiki nyingi. Isitoshe, makovu ya keloidi, yale yanayokua kupita jeraha lenyewe, hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Aliyewahi kupata keloidi hana budi kumwona daktari wa ngozi kabla ya kuchorwa na kabla ya kufuta.

Kwa hiyo anayesema kwamba kivuli kidogo ni suala la urembo tu hajaifuata hesabu hadi mwisho. Na anayesema vijana hawana fedha za mchoraji ghali, nakubaliana naye kuhusu fedha, ila kufuta kwa leza hugharimu zaidi ya kuchorwa. Mchoro mdogo wa mkono stadi, mahali penye ngozi nene kama upande wa nje wa mkono, ni nafuu kuliko mchoro mkubwa utakaorekebishwa. Kuna pia wasomaji watakaosema wasiotaka madhara wasichorwe kabisa, wakitaja dini au ajira. Jeshi la Polisi Tanzania, kwa mfano, katika matangazo yake ya ajira limekuwa likitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Ushauri huo una uzito na kila kijana aupime. Lakini wanaochorwa wapo na wataendelea kuwepo, na imani ya mtu dhidi ya tatuu haimpi mchoraji ruhusa ya kufanya kazi mbovu kwenye mwili wa mwenzake.

Tusitarajie sheria peke yake itaondoa tatizo hili. England, sheria ya mwaka 1982 inawezesha halmashauri kuwasajili wachoraji, lakini usajili huo unatazama usafi wa sindano na chumba. Haupimi kama mkono wa fundi unajua kina cha ngozi. Japan nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2020 kwamba kuchora tatuu si kazi ya udaktari, kwa hiyo leseni ya udaktari haiwezi kuwa kipimo cha mchoraji. Usafi ni lazima usimamiwe na serikali, kwa kuwa sindano chafu hueneza homa ya ini na VVU. Ufundi utasimamiwa na wachoraji wenyewe: wasimruhusu mwanafunzi kugusa mwili wa mtu kabla hajachora ngozi bandia vya kutosha, na waandike kabla ya kazi ni nani atakayelipia marekebisho wino ukivuja. Wateja nao wana nguvu ya kuwalazimisha. Picha iliyopigwa dakika chache baada ya kuchora huonyesha mistari mikali na haithibitishi lolote. Omba kuona kazi zake zilizokwisha kupona, za miezi sita au mwaka, kwenye ngozi ya rangi kama yako na sehemu ileile ya mwili unayotaka kuchorwa. Asipokuwa nazo, usimlipe.