Pombe Ilipopigwa Marufuku, Aliyezikwa ni Askari wa Kawaida

Waungwana, kila mtu anamjua Al Capone. Filamu zimempamba kwa suti na kofia. Nani anamjua Charles Skelly?

Skelly alikuwa askari kijana wa mji mdogo wa St. Joseph, jimbo la Michigan. Desemba 14, 1929 magari mawili yaligongana kidogo tu. Dereva mmoja akakataa kulipa, akaondoka. Skelly akamfuata, akapanda ubavuni mwa gari lake ili ampeleke kituoni. Akapigwa risasi tatu, akafia hospitalini.

Muuaji alikuwa Fred Burke, aliyekuwa akiishi karibu na hapo kwa jina la bandia. Nyumbani kwake polisi walikuta bunduki mbili aina ya Thompson. Mtaalamu wa risasi Calvin Goddard akazipima: ndizo zilizoua watu 7 ndani ya gereji mjini Chicago, Februari 14 mwaka huohuo, katika vita vya magenge ya pombe haramu. Kwa hao saba Burke hakuwahi kuhukumiwa. Alifungwa maisha kwa damu ya Skelly, akafia gerezani 1940.

Sasa nawauliza ndugu zangu mnaotaka serikali zetu zipige marufuku pombe yote: mmejifunza nini hapo? Marekani ilijaribu kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933. Walevi hawakuisha. Biashara ilimtoka mwenye leseni, ikamwendea mwenye bunduki. Serikali ikakosa kodi, magenge yakapata fedha za kuhonga polisi na mahakimu.

Mtasema Burke alikuwa jambazi tu, hata benki aliiba. Kweli. Lakini ni fedha za pombe haramu zilizoyanenepesha magenge yaliyokodi watu wa aina yake. Na waliopiga kura kule Washington hawakupanda gari la Burke. Alipanda Skelly.

Mimi si wakili wa pombe. Ni muuguzi hapa Marekani, na maini yaliyoharibika nayaona. Lakini pombe ya kujificha haina mkaguzi, na methanoli hupofusha na kuua. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010 ili iwe chini ya leseni na viwango. Pombe ya sumu imeendelea kuua hata baada ya hapo, kwa sababu sheria bila ukaguzi ni karatasi. Basi tudai ukaguzi, kodi na tiba ya walevi.

Anayetaka marufuku atuambie kwanza: ni mtoto wa nani atakayetumwa kuisimamia?

Nawasilisha.