Hadubini ya Kabatini

Hadubini haiharibiki kwa kutumiwa kama inavyoharibika kwa kufungiwa. Kabatini lenzi hushika ukungu. Nasema haya kwa aibu, maana ufunguo nilikuwa nao mimi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na hadubini sita, nazo zilitolewa siku ya mkaguzi tu. Tulihofia zisivunjike; hatukuhofia kutoa walimu wa kuhadithiwa.

Siku moja niliwapa wanachuo mtihani: choreni seli za utando wa ndani wa kitunguu. Karibu wote walitia kloroplasti, vile vichembe vya kijani. Utando ule haupati mwanga, wala hauna kloroplasti. Walikuwa wamechora kitabu, si kitunguu.

Wapo wasemao vifaa ni ghali. Ni kweli, lakini kifaa kilichokwisha nunuliwa kikalala ni ghali zaidi. Kazi yenyewe yataka kipande cha utando, tone la ayodini na vioo viwili vyembamba. Kiini cha seli kitajitokeza chenyewe. Leeuwenhoek wa Delft alikuwa mfanyabiashara wa nguo, hakusoma chuo kikuu. Alisaga lenzi zake mwenyewe, na katika miaka ya 1670 akaona vijidudu majini ambavyo wasomi hawakuvijua.

Ndugu mwalimu mkuu, fungua kabati. Lenzi ikivunjika, utaiandika kwenye daftari la vifaa. Mwalimu aliyehitimu bila kuona seli, utamwandika wapi?