Hawa Wasichana Hawana Deni Lenu

Kuna aina ya video siwezi kuimaliza tena. Mnazijua. Muziki wa huzuni, picha ya mtoto na medali shingoni, halafu ile sauti nzito: alikuwa afike mbali, kwani ilienda aje? Huwa wanazifanya za wachezaji mpira na za watoto wa sinema. Siku hizi simu yangu imeamua nile za skating ya barafu pekee, ile ya muziki, nguo za kumetameta na mtu kuruka akizunguka hewani kama pia.

Najua mnachosema. Sisi barafu yetu ni ya friji na ile iliyowekwa ndani ya Panari Hotel kule Mombasa Road, na wengi wetu hata hiyo tuliiona kwa picha za wengine. Nivumilieni, kuna mahali naenda.

Majina kwenye hizo video huwa karibu yale yale, na la kwanza huwa Yulia Lipnitskaya wa Urusi. Sochi, Februari 2014. Ana miaka 15. Anaingia na nguo nyekundu, muziki ni wa ile filamu ya Schindler's List, na yeye anaigiza yule mtoto wa koti jekundu. Kama hujawahi kuona akizunguka na mguu mmoja umenyooka hadi juu ya kichwa, mwili mzima umekuwa mstari mmoja, itafute. Urusi inachukua dhahabu ya timu, dunia nzima inajua jina lake, Putin mwenyewe anampongeza. Mashindano ya mtu binafsi anamaliza wa 5. Mwezi uliofuata anachukua fedha ya dunia. Halafu inaanza kuteremka, na 2017, akiwa na miaka 19, inatangazwa ameacha. Alikuwa amepitia matibabu ya anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka mwili unaanza kujila.

Na hapo ile sauti nzito inasema: kipaji kilichopotea.

Kilipotelea wapi, jameni? Dhahabu iko kwa kabati ya Urusi. Kile kipaji kilitumika kikaisha, na waliokitumia walipata walichotaka.

Hebu nieleze venye huo mchezo unafanya kazi, kwa sababu bila hii hutaelewa. Kaa kwenye kiti cha ofisi kile kinachozunguka. Nyoosha mikono, sukumwa, halafu ikunje kifuani. Umeona venye kasi inapanda? Sasa fikiria huna kiti, uko hewani, na una chini ya sekunde 1 kuzunguka mara 4 kabla utue kwa mguu mmoja kwenye chuma chembamba. Mwili mdogo na mwembamba unazunguka haraka kuliko mwili mpana. Ni fizikia tu. Kwa hivyo msichana wa miaka 13 au 14, kabla mwili wake ubadilike, ana faida ambayo mwanamke wa 20 hana. Halafu anakua, kwa sababu watoto hukua. Uzito unabadilika, nyonga zinabadilika, na mruko aliokuwa anaufanya kama kupiga chafya unaanza kumwangusha.

Kama unatafuta medali kwa haraka na huna huruma, hesabu ni rahisi. Mchukue mapema, mtumie kabla akue, akikua kuna mwingine mlangoni.

Na walikuwako mlangoni. Angalia tu miaka. 2014, Lipnitskaya, 15. 2018, Alina Zagitova, 15. 2022, Kamila Valieva, 15. Olimpiki tatu, nyota watatu wapya, wote na umri ule ule, wote wakifundishwa na kocha mmoja wa Moscow, Eteri Tutberidze. Ongeza Evgenia Medvedeva, Anna Shcherbakova na Alexandra Trusova, ambao pia walipitia kwake. Hao ni 6. Kati ya hao 6, kutoka 2014 hadi 2022, hakuna hata mmoja aliyeshindana kwenye Olimpiki mbili. Sasa niambie kila mmoja wao kivyake aliamua kupoteza kipaji chake.

Medvedeva ndiye ananiumiza zaidi. Bingwa wa dunia 2016, bingwa wa dunia 2017. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyemshinda. Akaumia mguu kabla ya Olimpiki, na wakati anapona, pale pale kwenye barafu anayofanyia mazoezi, kukawa na mtoto mwingine anapanda. Zagitova. Pyeongchang 2018 wakakutana: programu ndefu wakapata alama sawa kabisa, 156.65 kwa 156.65. Kwa jumla Zagitova akashinda kwa 1.31. Medvedeva alikuwa na miaka 18, na tayari watu walikuwa wanamzungumzia kama mzee wa kijiji.

Na hapa kuna kitu watu wengi husahau. Wakati huo mruko uliofanywa nusu ya pili ya programu ulikuwa unapewa nyongeza ya asilimia 10, kwa sababu umechoka. Zagitova alifanya miruko yake yote nusu ya pili. Yote! Nusu ya kwanza anateleza na kupepea mikono, nusu ya pili anamwaga miruko kama mvua ya Aprili. Hakuvunja sheria yoyote. Walimu wake waliisoma sheria vizuri kuliko walioiandika. Baada ya hapo chama cha dunia, ISU, kikabadilisha: nyongeza ikabaki kwa miruko 3 ya mwisho kwenye programu ndefu na 1 kwenye fupi. Mnaona? Sheria ndiyo ilikuwa inaita miguu ya watoto, na wazima walijua.

Zagitova mwenyewe alichukua dunia 2019, na Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 17, akatangaza anapumzika. Hakurudi kushindana. Ukifungua video utasikia ati hakufikia uwezo wake. Bingwa wa Olimpiki, bingwa wa dunia, bingwa wa Ulaya. Wueh. Hebu wewe ukiwa 17 ulikuwa umeshinda nini? Mimi nilikuwa nimeshinda kuku kwa mashindano ya mtaa, na tuligawana watu 7.

2022 sitakaa sana kwa sababu bado inachoma. Beijing, Valieva anaongoza baada ya programu fupi, huku kila mtu duniani ashajua kipimo chake cha 25 Desemba 2021 kilipatikana na trimetazidini, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni. Programu ndefu anaanguka, anaanguka tena, anamaliza wa 4. Anatoka kwenye barafu analia, na kamera zinanasa kocha akimuuliza kwa nini aliacha kupigana. Hata Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Olimpiki, alisema hadharani alisumbuliwa na ubaridi wa watu waliompokea. Dakika chache baadaye Trusova, ambaye alikuwa ametua miruko 5 ya mizunguko 4 na kupata fedha, analia akisema wengine wote wana dhahabu isipokuwa yeye, na hataki tena huo mchezo. Na Shcherbakova, mshindi, ameketi peke yake ameshika kidoli chake. Watoto watatu, na hakuna hata mmoja mwenye furaha, pamoja na aliyeshinda. Januari 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikampa Valieva marufuku ya miaka 4 kuanzia siku ya kile kipimo. Jina kwenye hukumu ni la msichana aliyekuwa na miaka 15.

Na msidhani ni Urusi tu. Marekani walikuwa na Gracie Gold. Huyo hata jina lilikuwa limeshamwekea mzigo, matangazo yakijiandika yenyewe. Bingwa wa taifa 2014 na 2016. Kwenye ubingwa wa dunia wa 2016 kule Boston, nyumbani, aliongoza baada ya programu fupi, akamaliza wa 4. Mwaka uliofuata akaenda kutibiwa msongo wa mawazo, wasiwasi na shida za kula. Hakuna kocha wa Moscow hapo. Hapo ni presha tu ya nchi nzima kumwambia msichana kwamba mwili wake ni mradi wa taifa.

Hii tabia tunayo. Si mnakumbuka siku ya matokeo ya KCPE, kabla ifike mwisho 2023? Mtoto wa miaka 13 au 14 amebebwa mabegani, kamera usoni, anaulizwa anataka kuwa nani, anasema daktari wa upasuaji wa ubongo. Wote ni upasuaji wa ubongo, sijui ni nani alikuwa anawapanga. Halafu miaka 10 baadaye mtu anampata akiuza kava za simu na anashtuka kama ametapeliwa. Umetapeliwa nini? Ulikuwa umenunua hisa?

Mimi niliacha chuo, hiyo wengi mnaijua na sirudii. Kitu ilinishangaza ni idadi ya watu walioniambia nimewaangusha, na wengi wao hawajawahi kulipa hata shilingi moja ya karo yangu. Matarajio ni kitu rahisi sana kumpa mtu. Hayagharimu anayeyatoa.

Kuna msee ataniambia: lakini hao wasichana walitaka wenyewe. Kweli, walitaka. Trusova alitaka ile miruko kuliko mtu yeyote. 2018, kwenye ubingwa wa dunia wa junior, alitua 2 ya mizunguko 4 kwenye programu moja, kitu ambacho hakuna mwanamke alikuwa amefanya, na ukiangalia uso wake unaona alikuwa anapenda. Siwezi kumnyang'anya hiyo. Lakini mtoto kutaka kitu sana ndiyo sababu hasa mtu mzima awe karibu, wa kuhesabu magoti na uti wa mgongo ambao mtoto hajui kama utamhitaji akiwa na 30.

Na usiniambie ati bila watoto mchezo hauna ladha. Kaori Sakamoto wa Japani alichukua ubingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024, mfululizo, akiwa ameshapita miaka 20, bila mruko hata mmoja wa mizunguko 4. Kasi yake kwenye barafu utadhani anakimbizwa. Carolina Kostner wa Italia alipata ubingwa wa dunia akiwa na 25 na medali ya Olimpiki akiwa na 27. Kwa hivyo inawezekana. Ni vile tu inachukua muda, na hakuna anayetaka kungoja.

Sasa najua mtaniletea Alysa Liu. Mmarekani, bingwa wa taifa akiwa na 13. Aprili 2022, akiwa na 16, siku chache baada ya shaba ya dunia, akasema inatosha. Akaenda zake, akaishi, akaingia chuo kikuu. (Yeye aliacha barafu akaenda chuo, mimi niliacha chuo nikaja hapa kuwapigia kelele. Kila mtu na yake.) 2024 akarudi kwa hiari yake, na Machi 2025 pale pale Boston akawa bingwa wa dunia. Ile programu ya Donna Summer nimeiangalia mara nyingi kuliko nitakavyokubali hapa. Anacheka akiwa anateleza!

Lakini hapa ndipo mnaniboo. Kila mtu anasimulia ile dhahabu kama risiti, kwamba alifanya vizuri kupumzika kwa sababu alirudi akashinda. Je, kama hangerudi? Kama saa hii angekuwa tu mwanafunzi anakimbizana na tarehe za kazi za darasani na hajagusa viatu vya barafu tangu 2022? Kwangu ile ya Aprili ingebaki uamuzi mzuri kama ulivyo. Alikuwa amechoka, akasema amechoka, akatoka na mwili wake mzima. Lipnitskaya hakurudi kushindana. Alipata mtoto, akaanza kufundisha skating. Hiyo pia ni maisha, na haihitaji muziki wa huzuni.

ISU walau walishtuka. Juni 2022, miezi michache baada ya Beijing, walipiga kura kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17, hatua kwa hatua, na tangu msimu wa 2024 ndiyo sheria. Watu walishangilia, na mimi pia. Ila mashindano ya junior bado yanaanza ukiwa na 13. Trusova, siku ile ya miruko 2, alikuwa na 13, na alikuwa kwenye junior. Hiyo sheria mpya isingemgusa.