ELIMU YA VITU: Sumu Isiyonuka ya Makaa

Kila kitu duniani, kiwe jiwe, maji au hewa, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alieleza katika kitabu chake kwamba atomu huungana kwa hesabu maalum. Hesabu hiyo ikibadilika, kitu nacho hubadilika tabia.

Mfano u karibu, nao ni jiko la makaa. Sehemu kubwa ya makaa ni kaboni. Atomu ya kaboni ina kiini katikati, na nje yake mna elektroni 6. 4 kati ya hizo ndizo zishikanazo na atomu nyingine. Penye hewa ya kutosha, kaboni moja hushika oksijeni mbili, ikawa ile hewa aitoayo kila mtu apumuapo. Hewa ikipungua, kaboni moja hupata oksijeni moja tu, na hiyo ni sumu. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zipatazo mara 200 kuliko oksijeni. Aivutaye huumwa kichwa na kulegea. Akiwa usingizini huenda asiamke tena.

Basi wakati wa baridi jiko lisiachwe katika chumba kilichofungwa, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Kukosa moshi si dalili ya usalama. Na litolewe nje kabla ya watu kulala. Aonekanaye kulewa hewa hiyo atolewe upesi penye upepo, kisha apelekwe hospitali.