Mkono Ulioinuliwa, Bega Lililofichwa

Kila Mkenya aliyewahi kuhudhuria harambee anamjua mheshimiwa wa viti vya mbele. Hufika amechelewa, hupewa kipaza sauti, hutangaza ahadi nono, umati hushangilia, naye huondoka kabla ya hesabu kufungwa. Mwaka hupita na kanisa halina paa. Mawe hubebwa na akina mama ambao majina yao hayakusomwa. Twasema bila kuficha kwamba Marekani iliendesha harambee ya namna hiyo kwa ajili ya Haiti, na Wakenya ndio waliobebeshwa mawe.

Tuyakumbuke yaliyotendeka. Tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2699 la kupeleka Haiti kikosi cha kuwasaidia polisi wa nchi hiyo dhidi ya magenge yenye silaha. Azimio hilo liliandaliwa na Marekani pamoja na Ecuador. Nchi 13 ziliinua mkono kuunga mkono. Urusi na China zilijizuia. Wajumbe walitoa hotuba za huruma. Lakini ilipoulizwa ni nani atakayekwenda, taifa lenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, lililo jirani ya Haiti, lilikwisha kusema kwamba askari wake hawatakwenda. Kenya, iliyo ng'ambo ya bahari na bara, iliahidi polisi 1,000.

Hatubishani na haja ya Wahaiti. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 5,600 waliuawa nchini humo mwaka wa 2024, na mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia makwao. Asiyeguswa na mateso hayo si Mkristo wala si mwungwana. Swali letu ni hili: aliyetangaza huruma hiyo mbele ya mataifa alibeba nini begani mwake?

Jibu limo ndani ya azimio lenyewe. Kikosi hicho kilipewa baraka za Baraza, lakini hakikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Kikosi cha Umoja wa Mataifa hugharimiwa kwa michango ambayo kila mwanachama analazimika kutoa. Hiki kilitegemea michango ya hiari. Maana yake ni kwamba kura ilipigwa na wengi, kisha bakuli likapitishwa, na kila mmoja akawa huru kutia kitu au kuutazama ukuta.

Rais Biden alipompokea Rais Ruto mjini Washington Mei 2024, alieleza kwamba majeshi ya Marekani yakiingia eneo hilo, kutazuka maswali yanayoweza kupotoshwa kwa urahisi. Sababu hiyo ina uzito, kwa kuwa wanamaji wa Marekani waliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, na Wahaiti hawajasahau. Lakini anayekiri kwamba hawezi kwenda kwa sababu ya makosa yake ya zamani, deni lake kwa yule anayekwenda badala yake huongezeka. Halipungui.

Tusimnyime mtu haki yake. Marekani ilitoa fedha nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, ikajenga kambi na kuleta magari ya deraya. Hata hivyo, Februari 2025, serikali mpya ya Washington ilizuia zaidi ya dola milioni 13 zilizoahidiwa kwa mfuko wa kikosi hicho, ilhali polisi walikuwa tayari wako uwanjani. Kikosi kilichopangiwa watu 2,500 kilifikia kama 1,000 tu, wengi wao Wakenya. Mwaka huo huo polisi wetu walikufa huko, na kuna nyumba nchini Kenya ambazo kiti kimoja mezani hakina mwenyewe. Septemba 2025 Rais Ruto mwenyewe alilalamika mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba kikosi kilinyimwa watu na vifaa. Mwisho wa mwezi huo Baraza likapiga kura nyingine ya kuunda kikosi kikubwa zaidi, cha watu 5,550. Mkono uliinuliwa tena.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona haya zamani, karibu na milango yetu. Tarehe 21 Aprili 1994, huku Watutsi wakichinjwa hata ndani ya makanisa, Baraza hilo hilo lilipunguza kikosi chake nchini Rwanda hadi watu 270. Ubelgiji ilikuwa imewaondoa wanajeshi wake baada ya 10 kuuawa. Marekani, iliyopoteza askari 18 Mogadishu Oktoba 1993, haikutaka hata kulitamka wazi neno la mauaji ya halaiki. Tarehe 17 Mei Baraza likaidhinisha askari 5,500, na askari hao hawakufika kwa wakati. Magari ya deraya yalicheleweshwa na majadiliano ya nani alipe. Waliobaki uwanjani, Waghana miongoni mwao, hawakuwa na magari wala hotuba. Walikuwa na miili yao tu. Mwaka wa 1998 Rais Clinton alikwenda Kigali kukiri kwamba dunia haikutenda ipasavyo. Kukiri huko hakukumfufua yeyote.

Lakini lawama zikiishia Washington tutakuwa wanafiki, maana aliyekubali kutumwa naye ana kesi. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba Baraza la Taifa la Usalama halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi. Badala ya kurudi kwa wananchi, serikali ilitia sahihi mkataba tarehe 1 Machi na Waziri Mkuu wa Haiti, ambaye baada ya hapo hakuweza hata kurejea kwake, na punde akatangaza kujiuzulu. Polisi wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo hiyo, jijini Nairobi, polisi waliwapiga risasi vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha penye Bunge. Serikali inayohubiri amani ng'ambo huku ikimwaga damu nyumbani nayo imejifunza tabia ya mheshimiwa wa harambee.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, nchi inayopigia kura kikosi cha amani itangaze siku hiyo hiyo itatoa watu wangapi, vifaa gani na fedha kiasi gani. Pili, gharama ziwe za lazima kwa wote, zisiwe sadaka. Tatu, asitumwe mtoto wa Mkenya popote kabla Bunge halijajadili mkataba hadharani, na jamaa zake wahakikishiwe haki zao akijeruhiwa au akifa.

Mtume Yakobo alimkemea mwumini anayemwona ndugu yake uchi na mwenye njaa, akamtakia heri, kisha akaenda zake bila kumpa kitu. Hakubagua kati ya mkubwa na mdogo, wala sisi hatutabagua. Wakija tena na hotuba, tuwaulize kwanza bega lao liko wapi.